Gazeti la Mtu Mmoja: Blogu ya Kiswahili na Suala la Utunzaji Wake

Makala haya yananuia kuichunguza blogu ya binafsi kama utanzu wa maandishi ya Kiswahili, na kuonyesha kwamba historia yake haiwezi kuandikwa kwa kutazama tu siku ilipoanzishwa na mambo yaliyoandikwa ndani yake. Wahakiki wetu wamezoea kumkabili mwandishi kwa maswali mawili: amesema nini, na amekisema vipi. Maswali hayo ya maudhui na fani yametufaa sana katika kusoma riwaya, tamthilia na diwani. Hata hivyo, blogu inatulazimisha kuuliza swali la tatu, ambalo kwa kitabu hatuna haja ya kuliuliza kwa sababu limekwisha kujibiwa na mchapishaji, muuza vitabu na mkutubi. Swali lenyewe ni hili: ni nani anayeyaweka hai maandishi haya? Dai letu ni kwamba utunzaji ni sehemu ya uandishi wenyewe, wala si kazi ya kifundi inayofuata baada ya uandishi. Isitoshe, maandishi ya namna hii katika lugha yetu yamedumu au yamepotea kwa kutegemea kama alikuwapo mtu wa pili aliyejitwika kazi ya kuyanakili.

Kwa neno blogu tunakusudia maandishi ya mtu mmoja yanayotolewa hadharani mfululizo, kila andiko likiwa na tarehe yake, jipya likitangulia la zamani, bila mhariri kati ya mwandishi na msomaji. Fasili hii inaziacha nje tovuti za magazeti makubwa na kurasa za mashirika, hata pale zinapojiita blogu. Inaziacha nje pia kurasa za Facebook, iliyoanza mwaka 2004, na za Twitter, iliyoanza mwaka 2006, ingawa hizo ndizo zilizowavuta wengi wa wenye blogu hadi nyumba zao za awali zikabaki mahame.

Jina na chimbuko

Shajara za kwanza za mtandaoni zilianza kabla ya jina kupatikana. Mwaka 1994 Justin Hall, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo cha Swarthmore nchini Marekani, alianza kuandika habari za maisha yake mwenyewe katika ukurasa uliokuwa wazi kwa kila mtu. Jina lilikuja Desemba 1997, pale Jorn Barger alipouita ukurasa wake weblog, akiunganisha neno la Kiingereza la mtandao na neno la daftari ambamo nahodha huandika mwenendo wa safari. Mwaka 1999 Peter Merholz alilikata neno hilo mahali pasipo pake, kwa mzaha, na likabaki blog. Hapa inafaa tukumbuke kwamba Kiswahili, lugha ya mabaharia, kilikuwa na neno lake la daftari la chombo muda mrefu kabla ya tarakilishi, nalo ni batli. Wakati jambo hili lilipoingia kwetu hakuna aliyelikumbuka. Tulilipokea neno la kigeni lililokuwa limekwisha kupoteza bahari yake.

Mnamo Agosti 1999 kampuni ya Pyra Labs ilianzisha huduma ya Blogger, na Google ikainunua mwaka 2003. Mwaka huohuo wa 2003, mwezi wa Mei, programu ya WordPress ilitolewa. Kabla ya huduma hizi, mtu aliyetaka kuandika mtandaoni alipaswa kujua kutunga msimbo wa kurasa. Baada yake alihitaji tu kisanduku cha kuandikia na kitufe cha kubofya. Aghalabu jambo hili husimuliwa kama ukombozi, nalo kwa upande mmoja ni ukombozi kweli. Kwa upande wa pili, mwandishi alihamia katika nyumba ya mtu mwingine, nyumba isiyo na kodi wala mkataba, na mwenye nyumba angeweza kuifunga wakati wowote. Blogu nyingi za awali za Kiswahili zilijengwa katika nyumba za namna hiyo.

Watangulizi wa uchapaji wa peke yake

Ni kosa, kwa maoni yetu, kuisimulia blogu ya Kiswahili kana kwamba ilishuka kutoka Marekani ikakuta nchi tupu. Mtu mmoja kuandika, kutoa na kusambaza maandishi yake mfululizo, akijibishana na jamii yake, si jambo geni katika mwambao wetu. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, mwanachuoni ambaye wasomaji wengi wa leo humjua kama baba yake Profesa Ali Mazrui.

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin alianza kutoa Sahifa, karatasi ndogo ya Kiswahili. Mwaka 1932 aliifuatisha kwa gazeti la kila wiki, Al-Islah, yaani marekebisho, lililokuwa na maandishi ya Kiswahili na ya Kiarabu. Kielelezo alichokuwa nacho kilitoka Cairo. Huko Rashid Rida alikuwa akilitoa jarida la Al-Manar tangu mwaka 1898, akaendelea nalo hadi alipofariki mwaka 1935, nalo likasomwa kote palipokuwa na wasomi wa Kiislamu, Afrika Mashariki ikiwamo. Lakini Rida aliandika kwa Kiarabu, kwa ajili ya wasomi. Sheikh Al-Amin alichagua Kiswahili ili asomwe na mtu wa Mji wa Kale aliyekuwa akiishi na mambo yenyewe: elimu ya watoto, wakiwamo wa kike, kuiga desturi za Wazungu bila kupima, kuvunjika kwa umoja wa Waislamu, na unyonge wa wenyeji wa pwani chini ya utawala wa kikoloni.

Tarehe hizi zina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1930, mwaka wa Sahifa, ndio mwaka ambao Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja na kwa hati za Kirumi. Kwa hiyo, katika wakati uleule ambapo dola ilikuwa ikiunda chombo cha kuamua Kiswahili kipi kichapishwe vitabuni, mtu mmoja mjini Mombasa alikuwa akiandika Kiswahili cha kwao na kukitoa bila kuomba idhini ya kamati yoyote. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya gazeti la mtu mmoja: linaipita milango ya wahariri na wasanifishaji. Yeyote aliyesoma blogu za Kiswahili za miaka ya 2000 atakuwa ameiona sifa hiyohiyo. Humo lahaja huchanganyika, tahajia huyumba, na msemo wa mtaani hukaa jirani na msamiati wa vitabuni. Mwalimu wa sarufi huudhika, ilhali mwanahistoria wa lugha hupata hazina.

Sifa ya pili ni kwamba gazeti la namna hii hupumua kwa pumzi za mwenyewe. Al-Islah halikudumu miaka mingi. Mwaka 1937 Sheikh Al-Amin alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na wakati huo gazeti lilikuwa limekwisha kukoma. Kilichoyaokoa maandishi yale ni uamuzi wa kuteua baadhi ya makala za Sahifa na Al-Islah na kuzichapisha kama kitabu, Uwongozi, kilichotoka mwaka 1944 na kuchapishwa tena mwaka 1955. Kutokana na kitabu hicho, Kai Kresse na Hassan Mwakimako waliweza kutoa tafsiri ya Kiingereza mwaka 2017, miaka themanini na zaidi baada ya karatasi zenyewe kusambazwa mitaani. Ieleweke kwamba kitabu hakikuwa gazeti zima. Kilikuwa uteuzi, na uteuzi huacha mambo nje: matangazo, majibu kwa wasomaji, kauli za hasira za wiki moja ambazo wiki iliyofuata hazikuwa na maana. Kwa mhakiki wa fasihi hayo ndiyo mambo ambayo yangetuonyesha gazeti likiwa hai.

Mkondo huu haukukatika. Mwanafunzi wa Sheikh Al-Amin, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, ambaye naye alipata kuwa Kadhi Mkuu, alianzisha gazeti lake, Sauti ya Haki, mwaka 1972. Kuna uzi mmoja basi, kutoka Cairo hadi Mombasa, na kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi, wa mtu mwenye jambo la kusema ambaye hangoji mchapishaji.

Blogu za kwanza za Kiswahili

Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa uandishi huu katika Kiswahili mtandaoni ni Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani, na ambaye wasomaji wa magazeti ya kwao walikuwa wamekwisha kumzoea kama mwandishi wa safu. Blogu yake, Jikomboe, ilianza mwaka 2004. Jina lenyewe ni kitenzi cha kuamrisha kilicho katika hali ya kujirejelea, na ndani yake mna dhamira nzima ya mwandishi: hakuna atakayekuja kukukomboa, fanya mwenyewe. Mwaka 2005 mpigapicha wa gazeti la Daily News, Muhidin Issa Michuzi, alianzisha blogu yake, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya picha zenye maelezo mafupi. Wawili hawa wanawakilisha mikabala miwili iliyotofautiana. Macha aliitumia blogu kama uwanja wa insha ya fikra, ndefu na ya kujenga hoja. Michuzi aliitumia kama baraza: nani kaoa, nani kafariki, kiongozi gani kafika wapi, na chini yake wasomaji walio Dar es Salaam, London na Houston wakirushiana maneno. Ukipima kwa idadi ya wasomaji, baraza liliishinda insha. Hilo halikupaswa kumshangaza mtu anayejua jinsi fasihi simulizi ilivyo na nguvu kwetu.

Suala la jina linastahili kuangaliwa kidogo. Waandishi wa mwanzo walijaribu kuiita blogu gazeti tando, istilahi iliyotungwa kutokana na utando wa buibui. Istilahi hii ilikuwa na ubora wake kwa sababu ililitambua jambo jipya kuwa ni aina ya gazeti, na hivyo kuliunganisha na mkondo tuliokwisha kuueleza. Haikushika. Watu waliendelea kusema blogu, na Michuzi akaiita ya kwake Globu ya Jamii. Katika tamko hilo sauti mbili zimebadilishana nafasi kwa utani, na ghafla neno linamulika kama taa. Wanaleksikografia huenda wasilikubali, lakini sisi tunaona kwamba globu ni tafsiri iliyo hai kuliko gazeti tando, kwa kuwa ilitokana na ulimi na si na kikao.

Kwa upande wa Kenya hali ilikuwa tofauti. Blogu zilizovuma mapema zilikuwa za Kiingereza, mathalan Kenyan Pundit ya Ory Okolloh na Mental Acrobatics ya Daudi Were. Tarehe 30 Desemba 2007, baada ya matokeo ya uchaguzi wa urais kutangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na runinga, na blogu ya Okolloh ikawa mahali pa kupelekea habari za vurugu. Kutokana na wito alioutoa humo mwanzoni mwa Januari 2008, yeye na wenzake walianzisha jukwaa la kukusanya ripoti za wananchi kwa ramani na kuliita Ushahidi. Ni jambo la kutafakari kwamba zao mashuhuri zaidi la blogu za Kenya lina jina la Kiswahili ilhali blogu iliyolizaa iliandikwa kwa Kiingereza. Mkenya aliyekuwa na tarakilishi na muda wa kuandika alikuwa amesomea Kiingereza, akaandika alivyosomea. Ilipohitajika kuwaita watu wote waje kusema walichokiona, lugha ilibadilika.

Utangulizi na tamati

Tukiitazama blogu kwa jicho la fani, jambo la kwanza linalotuvuta ni mpangilio wake wa wakati. Utenzi wa Kiswahili una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Mtunzi huanza kwa kumtaja Mungu na kueleza sababu ya kutunga. Mwishoni, katika tamati, hujitaja jina, hutaja wakati, huomba radhi kwa makosa na huwaomba wenye ujuzi wamsahihishe. Blogu imeugeuza mpangilio huu juu chini. Msomaji huingia kwa andiko la jana, na ili afike mwanzo lazima arudi nyuma mwezi baada ya mwezi. Utangulizi, ambapo mwandishi alieleza kwa nini ameanza, umefukiwa chini kabisa, mahali ambapo wasomaji wachache hufika. Ombi la kusahihishwa lipo, lakini limesambaa: kila andiko lina nafasi ya maoni chini yake, na msahihishaji hufika baada ya saa moja badala ya kizazi kimoja.

Tamati ndiyo iliyokosekana. Blogu haina namna ya kumalizika. Riwaya ina ukurasa wa mwisho, na gazeti hata likifa hutangaza kufa kwake kwa kuwa wapo wafanyakazi wa kulipwa na wadeni wa kujibiwa. Blogu hunyamaza tu. Atakayezipitia blogu za Kiswahili zilizotelekezwa atakutana tena na tena na andiko moja ambalo limekuwa kama kipengele cha kifani. Mwandishi anaomba radhi kwa kuadimika, anataja shughuli, masomo, msiba au ukosefu wa mtandao, anaahidi kurejea kwa nguvu mpya. Halafu panakuwa kimya. Andiko hilo, ambalo lilikusudiwa kuwa la kati, ndilo linalobaki juu kabisa kwa miaka kumi, likimkaribisha kila mgeni. Hatujui utanzu mwingine wa Kiswahili ambao mwisho wake hutungwa na mtu asiyejua kwamba anaandika mwisho. Tunapendekeza kwamba andiko hili la radhi lichukuliwe na wahakiki kwa uzito uleule wanaoupa tamati ya utenzi, kwa kuwa ndilo linalotuonyesha kazi ya utunzaji ikimshinda mtu.

Gharama ya kudumu

Kazi yenyewe ni nzito kuliko inavyoonekana kwa msomaji. Mwenye blogu huandika, hujihariri, hutafuta picha, huchuja maoni ya matusi na matangazo ya kitapeli, hurekebisha viungo vilivyokatika, na hutunza nakala za alichokwisha kuandika. Kama anataka anwani yake mwenyewe, hulipia kila mwaka jina la kikoa. Wataalamu wa istilahi walipolichagua neno hili, sijui kama walikumbuka kwamba katika Kiswahili cha zamani kikoa ni chakula cha ushirika ambacho kila mmoja hukitoa kwa zamu. Maana hiyo inafaa kuliko walivyokusudia, maana asiyetoa zamu yake huondolewa kwenye mkeka. Mwaka mmoja usipolipwa, jina laweza kununuliwa na mtu mwingine kabisa, na msomaji anayefuata kiungo cha zamani kutafuta insha akakuta kamari.

Aliyekaa katika nyumba ya bure naye hana usalama. GeoCities, iliyokuwa na kurasa za watu binafsi kwa mamilioni, ilifungwa na Yahoo mwaka 2009. Posterous ilifungwa mwaka 2013. Mwaka huohuo Google iliifunga Google Reader, ambayo ndiyo iliyowaletea wasomaji wengi wa blogu matoleo mapya bila wao kuyatafuta. Tangu hapo blogu isiyotangazwa katika Facebook ilikuwa kama duka lililo nyuma ya nyumba. Mwaka 2017 Photobucket ilibadilisha masharti yake na kudai takriban dola 400 kwa mwaka kwa wale waliotumia picha zilizohifadhiwa kwake katika kurasa nyingine, na picha za kurasa zisizo na hesabu zikatoweka kwa siku chache. Mtu aweza kuwa mwandishi hodari na mtunzaji mwaminifu, na bado akaamka asubuhi moja akute insha yake ya maziko au ya uchaguzi imebaki maelezo bila picha.

Gharama nyingine hutoka serikalini. Hapa pia blogu inarithi historia ya zamani. Nchini Kenya, mabadiliko ya Sheria ya Vitabu na Magazeti ya mwaka 2002 yalipandisha dhamana ya mchapishaji kutoka shilingi 10,000 hadi shilingi 1,000,000. Kampuni kubwa iliweza kuimudu dhamana hiyo. Waliobanwa walikuwa wenye vijigazeti. Nchini Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotolewa Machi 2018 zilimtaka kila mwenye blogu ajisajili na mamlaka ya mawasiliano. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, leseni ya kuanzia shilingi 1,000,000, na ada ya mwaka shilingi 1,000,000 nyingine. Aliyekiuka alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Wanaharakati na wenye blogu walikwenda Mahakama Kuu mjini Mtwara, wakapata zuio la muda mwezi wa Mei, kisha wakashindwa. Juni mwaka huo wasiosajiliwa waliamriwa wasitishe kuandika, na JamiiForums, lililokuwa jukwaa kubwa la mijadala ya Kiswahili, likazimwa kwa muda. Baadaye ada zilipunguzwa. Lakini mwenye insha zake za jioni, asiyepata hata senti kwazo, alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba hobi yake ina bei ya milioni mbili na laki moja.

Tofauti na enzi zilizopita ni kubwa na inafaa ipimwe kwa haki. Abdilatif Abdalla alipoandika karatasi ya Kenya: Twendapi? mwaka 1968, jibu la dola lilikuwa kifungo cha miaka mitatu. Kifungo kile kiliizaa Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973. Adhabu ya namna ile inamtaja mwandishi na kumwingiza katika historia. Ada haimtaji mtu. Mwandishi anayeacha blogu kwa sababu ya ada hahesabiwi kama aliyenyamazishwa, anahesabiwa kama aliyechoka, na mwanahistoria wa fasihi atakayekuja hataweza kumtenganisha na yule aliyeacha kwa sababu alioa au alipata kazi ya usiku. Katika kumbukumbu zote mbili patakuwa na kimya kilekile.

Nakala

Tukirudi kwenye dai letu la awali, tutaona kwamba maandishi ya Kiswahili yaliyokuwa ya siku kwa siku yamefika kwetu kwa mkono wa mnakili. Muyaka bin Haji, aliyefariki takriban mwaka 1840, alitunga juu ya ugomvi wa Mombasa na Oman, njaa, wapenzi na majirani, akiyajibu mambo yalipotukia. Mashairi yake yalikusanywa kutoka vinywani na katika kumbukumbu za wazee na W. E. Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na diwani ikachapishwa na William Hichens mwaka 1940, karne moja baada ya mtunzi. Barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kuanzia mwaka 1931 hadi 1958 zilitufikia mwaka 2002, zilipochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, kwa sababu moja tu: Yusuf Ulenge hakuzitupa.

Ni nani Yusuf Ulenge wa blogu? Wako wachache waliojifanyia wenyewe. Profesa Joseph Mbele, mwanafolklora wa Kitanzania aliyefundisha chuo cha St. Olaf nchini Marekani, ameandika kwa miaka mingi katika blogu yake ya Hapa Kwetu, na pia ametoa kitabu cha insha za Kiswahili, Changamoto: Insha za Jamii. Tabia hiyo ya kuandika mtandaoni bila kuyaacha yote huko mtandaoni inamrudisha karibu na Uwongozi. Wengine wameokolewa na Internet Archive, shirika lililoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, ambalo mashine zake hupita mtandaoni na kunakili kurasa. Tangu mwaka 2001 mtu yeyote aweza kuzisoma nakala hizo. Tunalishukuru shirika hilo. Lakini mashine haichagui kama Sikujua alivyochagua. Hupita siku iliyopita, hunakili ukurasa wa mbele na kuacha wa ndani, hubeba maneno na kudondosha picha, na huenda ikakosa kabisa wiki ile ambayo blogu ilikuwa na jambo la kusema. Zaidi ya hayo, mashine iko San Francisco. Kwa mara ya pili katika historia yake, baada ya miswada iliyopelekwa London na Hamburg, fasihi ya Kiswahili inatunzwa mahali ambapo mwanafunzi wetu anaifikia kwa hisani.

Idara zetu zingeweza kuianza kazi hii kwa gharama ndogo. Mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu juu ya blogu hukusanya nakala kwa matumizi yake, kisha hubaki nazo katika tarakilishi yake hadi tarakilishi ife. Nakala hizo, zikiwa na tarehe ya kunakiliwa, zingekabidhiwa maktaba pamoja na tasnifu. Kikwazo si ufundi, ni ruhusa. Mwenye blogu aweza kuombwa na akakubali. Lakini chini ya kila andiko wapo watu wengine, wengi wao bila majina, waliotoa maoni kwa utani, kwa uchungu au kwa hasira, na ambao katika blogu ya aina ya baraza ndio waliobeba nusu ya matini. Hao hawajulikani waliko ili waombwe, na yumkini wengine hawatapenda neno walilolitupa usiku mmoja wa mwaka 2006 likae katika maktaba ya chuo kikuu. Kuwaondoa ni kulirudia kosa la uteuzi tulilolieleza juu ya Al-Islah. Kuwabakisha ni kuchapisha sauti ya mtu bila idhini yake. Mpaka suala hili litakapoamuliwa, ni afadhali kunakili yote, na kuziweka nakala chini ya kufuli kwa muda wa miaka itakayokubaliwa, kama zinavyowekwa hati za mahakama na za familia.